Pikipiki Iliyolala na Ndama

Baba Mkwe, shikamoo.

Najua marahaba yako sitaisikia, lakini siwezi kusema na wewe kabla sijainamisha kichwa. Mazoea hayo yameingia kwenye mifupa. Tabita amekaa hapa mlangoni anaota jua, amejifunika mablanketi mawili, na kila nikimaliza mstari ananiuliza nimeandika nini. Nimemwambia barua ya wakwe haisomwi na mke. Amecheka, kisha akasema nikuambie kuwa mwaka huu Julai imekuja na meno. Nimekuambia.

Nakuandikia kwa sababu ya mjukuu wetu mmoja, huyu anayeendesha bodaboda kutoka hapa Ilongero kwenda mjini. Alhamisi iliyopita alikuja amenuna. Alisema safari ni zile zile, abiria ni wale wale, lakini tangu baridi iingie pikipiki yake inamaliza mafuta kabla ya jioni, na yeye haoni sababu nyingine ila kuna mtu anamwibia. Nilikuwa nakunywa chai. Nilicheka mpaka ikanitokea puani. Mjukuu aliondoka amekasirika, akidhani babu amezeeka vibaya. Tabita akabaki ananitazama, akataka kujua kilichonichekesha, na hapo ndipo nilipojikuta nakiri jambo nililolificha tangu siku uliponipa mke. Nilimficha yeye na nilikuficha wewe. Yeye ameshaambiwa, basi si haki wewe ukose.

Nianze mbali kidogo, univumilie. Hukupenda hadithi inayoanzia katikati.

Unakumbuka tulivyojuana? Ilikuwa enzi za Mwingereza, mwezi wa Oktoba, jua likichoma mpaka mawe yananuka. Nilikuwa msaidizi wa Bwana Mifugo, natoka Singida mjini na kuzunguka vijijini nikichanja ng'ombe dhidi ya sotoka. Serikali ilinipa pikipiki nyeusi, tanki limebonyea ubavuni, na mlio wake uliwatia mbuzi mbio kabla hawajaiona. Kwenu Iguguno nilionywa kuwa yuko mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi ambaye hataki wachanjwe, kwa kuwa anaamini ng'ombe akishaguswa na Serikali hurudi kwake mkia tu. Mzee mwenyewe ni wewe. Nilituma neno kuwa nitafika jua likichomoza, na jua lilipochomoza nilikuwa mlangoni pa zizi lako. Ulikuwa umeegemea fimbo. Ulilitazama jua, ukanitazama mimi, kisha ukasema, "Serikali imejifunza kuamka." Ukaondoa magogo ya mlango kwa mikono yako, nikaingia nikachanja ng'ombe wote.

Au karibu wote. Nilipofika kwa yule dume mwekundu, binti yako alitokea na kibuyu cha maziwa, na nilipogeuka kumtazama nikajichoma sindano kidoleni. Kwa hiyo mimi nami nimechanjwa sotoka, na tangu siku ile sijaugua ugonjwa wowote wa ng'ombe. Wewe uliona kila kitu, nina hakika. Uliniambia tu nifunge kidole.

Baada ya hapo nilipata sababu nyingi za kupita Iguguno. Bwana Mifugo aliniruhusu kutumia pikipiki siku za mapumziko, mradi petroli ninunue mwenyewe. Nami, unanijua, nilipima. Petroli iliuzwa dukani mjini kwa chupa, na katika miezi ile ya joto nilihakikisha kuwa chupa nne zinanifikisha kwenu na kunirudisha, zikabaki matone ya kunawia mikono yenye grisi. Chupa mbili kwenda, mbili kurudi. Nilijisifu kwa kila mtu. Nilijisifu kwa jumbe, kwa wauza karanga, nilijisifu hata kwa Tabita, ambaye alinisikiliza kwa upole na kuniuliza kama huwa nazungumza habari nyingine.

Mambo yakaenda vizuri. Baba yangu mdogo alikuja kwako mshenga, mkazungumza habari za ng'ombe mkamaliza, na tukadhani yamekwisha. Lakini ulimwambia, "Ng'ombe nimewaona. Sasa nataka kumwona mtu." Ukaeleza desturi ya nyumba yako. Neno la kumtoa binti lilisemwa zizini asubuhi, ng'ombe wakiwa bado ndani, ili wasikie dada yao anakwenda wapi. Ng'ombe wakishatoka kwenda malishoni, neno limelala mpaka siku nyingine itakayopangwa. Ukanipa Jumamosi ya mwezi wa Juni. Baba mdogo alirudi akicheka, akaniambia nimepewa mtihani wa kitoto, kwa kuwa mtu mwenye pikipiki hawezi kushindwa kuwatangulia ng'ombe.

Sote wawili tulisahau kuwa Juni si Oktoba.

Wewe uliijua baridi ya kwetu kuliko mimi. Asubuhi ile vidole vyangu vilikuwa vimevimba, umande umelowesha kiti, na upepo unapita katikati ya mbavu kama una haki ya njia. Nilipiga kiki mpaka paja likaniuma. Nikavuta choki yote, ile inayoifanya injini inywe petroli nyingi na hewa kidogo ili iamke, na mwishowe ikaamka. Lakini kila nikijaribu kuirudisha choki, inakohoa inataka kufa. Nikaogopa. Nikaiacha imevutwa hivyo hivyo, nikaenda nayo hadi Iguguno. Naam, hadi karibu na Iguguno, maana chupa nne ambazo zilipaswa kunipeleka na kunirudisha ziliishia njiani hata kabla sijaona moshi wa nyumba zenu. Nilisukuma. Nilipofika, zizi lilikuwa na inzi tu.

Ulinikaribisha vizuri. Ulinipa uji na karanga, tukazungumza habari za mtama na za panya walioingia maghalani, na jina la Tabita halikutajwa. Nilirudi mjini juu ya lori la magunia, pikipiki imefungwa kamba kando yangu. Ulinipa Jumamosi nyingine, wiki mbili mbele.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenye duka nikamshutumu kuwa ameitia petroli maji. Maskini, alinimwagia kidogo kiganjani ninuse, na ikaruka hewani mkono ukabaki mkavu. Nilimwomba radhi nusu nusu. Mama yangu, huku Ilongero, ndiye aliyenipa jibu lililoniingia akilini. Alisema mnyama anayekula sana wakati wa baridi ni mnyama asiye na kitu mgongoni. Ndama aliyekonda hufunikwa. Kwa nini hiki chuma nikiache uchi? Akatoa ngozi ya mbuzi iliyolainishwa vizuri, tukaizungushia injini, tukaifunga kwa kamba za katani mpaka kwenye kabureta, pale injini inapovutia hewa, tusiache hata mwanya wa kupitisha kidole. Sote wawili ni watoto wa wafugaji, Baba. Tulisimama tukaitazama tukaona imependeza.

Jumamosi ile ya pili pikipiki ilitoa moshi mweusi tangu mlangoni. Ilikwenda ikikohoa, choki nimeivuta vile vile kwa woga, na njiani ngozi ikaanza kuungua pole pole, hata watu wawili watatu wakanifuata kidogo wakidhani nina nyama ya kuuza. Petroli iliisha mapema kuliko mara ya kwanza. Nilifika kwenu alasiri. Uliizunguka pikipiki, ukainamia ile ngozi, ukaniuliza kama amezaa.

Nilitaka kucheka, ila wewe hukucheka. Uliniketisha ukaniambia wazi kwamba yuko mwalimu mmoja wa shule ya misheni, kijana wa heshima, ambaye watu wake wamekwisha kuleta salamu mara mbili. Ana baiskeli. Baiskeli yake haili chochote, na haijapata kuchelewa. Umenipenda, ulisema, lakini mtoto wako hutampa mtu wa kumngoja barabarani maisha yake yote. Ukanipa Jumamosi ya tatu na ya mwisho. Ulisema, "Ng'ombe wakitoka hujafika, usirudi tena hapa."

Tabita alinisindikiza hadi barabarani. Hakulia, yeye si mtu wa kulia. Aliniambia, "Basi njoo kwa miguu." Shauri lilikuwa zuri kabisa. Nilikuwa na miguu mizuri siku hizo, na ningeweza kuomba ruhusa nikaondoka tangu Ijumaa. Lakini kiburi, Baba. Nilikwisha kuwaambia watu wote wa barabara ile habari za chupa zangu. Nilitaka unione nakuja juu ya pikipiki jua likichomoza, kama siku ya kwanza. Nikamjibu kwamba mwanamume hawezi kushindwa na hali ya hewa. Aligeuka akarudi nyumbani.

Aliyeniokoa kichwa, kama si miguu, ni Mzee Ramadhani, dereva wa lori la Serikali. Alikuwa ameendesha magari ya kila namna. Nilipomsimulia habari ya ngozi ya mbuzi aliweka chini kikombe chake akajishika tumbo. Kisha akanifundisha kwa subira, na maneno yake nayakumbuka mpaka leo. Alisema petroli ya asubuhi ya Julai ni mvivu, haigeuki kuwa mvuke upesi, ndiyo maana injini inahitaji kuongezewa. Lakini choki ni ya kuamshia tu, ikishaamka mnyang'anye. Alisema oili nayo usiku hushikana kama samli chunguni, kwa hiyo injini inapigana na samli kabla haijapigana na barabara. Magurudumu yanalegea kwa baridi, yajazwe upepo. Na ile ngozi, akasema, nilikuwa nimemziba mnyama pua halafu namlaumu kwa kuhema. Mwisho akaniambia nikishaiwasha niiache ipate joto kidogo ndipo niondoke.

Neno lake hilo la mwisho ndilo lililokaribia kuniua.

Wiki ile petroli ilikuwa adimu. Mapipa yalikuwa yamekwama Itigi kwenye treni, malori hayajayaleta, na mwenye duka alikuwa akitoa chupa mbili tu kwa mtu. Mbili kwenda, nilijiambia, ya kurudi atajua Mungu. Jumamosi niliamka mapema. Nilijaza magurudumu upepo, nikaitupa ngozi, nikapiga kiki, ikawaka, nikairudisha choki kidogo kidogo mpaka injini ikatulia. Nikaiacha uani ipate joto. Nami nikaenda kuoga. Nikavaa suruali ya kanisani, nikafunga tai, nikaifungua, nikaifunga tena. Nikapaka viatu rangi. Nikasali sala ndefu kuliko kawaida yangu. Muda wote huo pikipiki imesimama uani inanguruma, inakula, haiendi popote. Mzee Ramadhani alisema kidogo, na kidogo yangu ilikuwa ya bwana harusi.

Njiani ilikwenda vizuri sana. Niliimba. Nilikuwa naimba bado ilipozimika, maili tatu hivi kabla ya kwenu, mashariki kumeshaanza kuwa kweupe. Nilifungua tanki nikaitikisa pikipiki kwa mikono miwili. Ilikuwa kavu.

Karibu na pale palikuwa na nyumba, na mama mmoja mzee alikuwa ametoka kuchota maji. Aliniona nimesimama, akauliza, nikamweleza upesi upesi. Alisema, "Liache hapa mwanangu, nitalitazama. Wewe kimbia." Alikuwa na haki. Kwa kukimbia ningefika kwako mapema na ningebakiwa na pumzi. Nilipiga hata hatua kumi. Kisha nikageuka nikaitazama imesimama peke yake kando ya barabara, umande unaanza kuikalia, na miguu ikakataa. Siwezi kukueleza vizuri zaidi ya hapo. Ilikuwa imenileta kwa Tabita mara zote zile, na mara mbili ilizonishinda mwenye makosa nilikuwa mimi. Nilirudi nikaishika usukani, nikamshukuru yule mama, nikaanza kusukuma.

Hujapata kusukuma chuma kile, Baba, kwa hiyo nikuambie. Ni kama kumpeleka mnadani dume asiyetaka kwenda, tofauti yake ni kwamba chuma hakichoki. Pale pa mchanga nilikuwa nasukuma kwa kifua. Jasho lilinitoka katika Julai, tai ikanigeukia mgongoni, viatu nilivyovipaka rangi vikaloa vikawa rangi ya udongo. Jua likachungulia. Nikasikia kengele za ng'ombe wa watu wengine wakitoka, nikaongeza mbio nikilia na kusali kwa pamoja. Ulipobaki mteremko ule wa mwisho, unaoshuka mpaka mlangoni pako, nikajifuta uso, nikairudisha tai mbele, nikapanda.

Hapo ndipo dhambi yangu ilipo. Niliteremka injini imezimika, nimekaa wima, mkono mmoja kiunoni, kama mtu aliyeendesha tangu mjini. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilitosha kabisa kufika mlangoni. Vijana wako walikuwa wamekwisha kuondoa gogo la kwanza. Nilifunga breki mbele ya miguu yako. Wazee wanne waliokuwa wamekaa nawe walisifu jinsi pikipiki ilivyokuja kimya kimya leo, na mmoja akauliza kama nimeitengeneza. Nikajibu, bila haya, kwamba imeshazoea njia.

Wewe ulisogea, ukainama, ukaweka kiganja chako juu ya injini, vile vile nilivyokuona ukishika sikio la ng'ombe kupima homa. Ukakiacha pale. Sijui ilikuwa muda gani, mimi niliona mrefu. Injini iliyotoka mjini ingekuunguza ngozi. Kisha ukavitazama viatu vyangu, ukanitazama shingoni ambako jasho lilikuwa bado linashuka. Nikajua yamekwisha. Tayari nilikuwa namwona mwalimu akija na baiskeli yake.

Ukajinyoosha ukaamuru gogo lirudishwe. Ukawaambia wazee, "Amefika kabla ya ng'ombe. Tuseme."

Siku ile, Baba, sijapata siku nyingine kama ile. Ng'ombe walibaki zizini wanalalamika kwa njaa wakati baba yangu mdogo, aliyekuwa amelala kwenu tangu jana yake, akisema maneno yake marefu. Tabita aliitwa akaulizwa kama ananitaka. Alichelewa kujibu makusudi, alinikiria baadaye, ili nami nijue kungoja kulivyo. Aliposema ndiyo, vigelegele vilitoka ndani ya tembe vikaamsha kijiji. Ulichinja. Tulikula, tukaimba, mama mkwe akanitumia nyama iliyochaguliwa bila mimi kumwona uso, kama inavyopasa. Nilicheza mpaka soli ya kiatu kimoja ikabanduka.

Jua lilipozama uliuliza pikipiki italala wapi. Nilisema nje tu, ni chuma. Ukakataa. Ulisema kitu kinachohangaishwa na baridi namna hii hakiwezi kulazwa nje mwezi wa Julai, na ukaiingiza ndani ya tembe, upande wa ndama, mbali na moto. Niliingiwa na wasiwasi, lakini nani abishane na mkwe wa siku moja? Asubuhi niliikuta imezungukwa na ndama watano, mmoja amelaza shingo juu ya tanki, mwingine analamba chumvi ya jasho langu kwenye kiti. Chuma kilikuwa na vuguvugu.

Nilikuwa nimeamka nikijiuliza nitaondokaje na tanki tupu mbele ya wazee wale wale waliosifu kimya chake. Ukaja nyuma yangu ukasema, "Mnyama wako nimemnywesha." Nilijua umemtia maji ya kisimani. Nilifungua tanki, nikanusa, na ilikuwa petroli safi. Ulikuwa umemsimamisha dereva wa lori alfajiri, ukambadilishia kibuyu cha samli na jogoo mmoja. Nilipokushukuru ulinijibu kuwa kwako mgeni haondoki na njaa, yeye wala mnyama wake. Nikalishika neno hilo kwa mikono miwili. Nikajiambia kwamba ndivyo ulivyo mkarimu, hukujua kitu, kiganja chako ni kigumu kwa kazi na hakikuhisi. Kiki moja tu, bila choki, ikawaka. Nilifika mjini na petroli imebaki, nikamwambia Mzee Ramadhani. Alicheka tena, ila alikubali kuwa oili ikishapata joto haiulizi limetoka wapi, hata likiwa la pumzi za ndama.

Tangu hapo, kila Julai tulipokuja kwenu ulikuwa unatoka kuipokea pikipiki kabla ya kutupokea sisi. Nami hapa Ilongero niliijengea nafasi na ndama wangu. Watu walinicheka miaka mingi, nikawaacha, maana mimi ndiye niliyekuwa nanunua chupa chache.

Sasa nirudi Alhamisi. Nilimkiria Tabita yote: maili tatu, kusukuma, mteremko, uongo mbele ya wazee. Nilitegemea atashangaa. Aliniangalia, blanketi likaanza kutikisika, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na akaniambia kwamba nimechelewa sana kutoka mafichoni. Anajua tangu siku ile ile. Kabla hajaitwa zizini kujibu, uliingia ndani ukamwambia, "Injini ni ya baridi kabisa. Kijana ameisukuma, na alikuwa na nafasi ya kuiacha. Nenda naye." Kisha ukamkataza kunieleza, ukisema aliyejificha aachwe atoke mwenyewe. Amekaa na neno hilo ujana wake wote na uzee wake wote, Baba. Amenizalia watoto saba, ameninyamazia.

Nilitoka nje nikazunguka nyumba peke yangu. Nilikuwa na furaha ya ajabu, ya mtu mzee aliyeambiwa kuwa alipendwa tangu zamani naye hakujua. Miaka hii yote nimedhani nilimpata Tabita kwa kukudanganya. Kumbe ulinipa huku unaona viatu vyangu.

Jambo moja zaidi, kisha nikuache. Miguu ya Tabita imeisha nguvu tangu mwaka juzi. Watoto walimnunulia kiti cha magurudumu, nami ndiye ninayemsukuma kwenda kanisani, maana sitaki mtu mwingine amshike. Jana kilima kilinishinda katikati nikasimama nikihema. Kijana mmoja mwenye adabu alikuja mbio, akaniamkia, akaniomba nimwachie kiti nipumzike. Kabla sijamjibu, Tabita alinyoosha mkono akamzuia.

"Mwache," alisema. "Huyu, baba yangu alishampima."

Nikasukuma tena, tukafika.

Asante, Baba. Pumzika kwa amani unayostahili. Binti yako anakusalimu sana, ana afya ya kucheka.

Ni mimi mkweo,
mume wa Tabita